Viti Kwanza, Viwanja Baadaye: Shajara ya Mashindano ya Tenisi ya Viti vya Magurudumu

Hii ni shajara ya mashindano ya kila mwaka ya klabu ya jamii: siku mbili, viwanja viwili, wachezaji 18. Naijaza kila hatua inapokamilika ili kikundi kingine kinachotaka kuanzisha mashindano yake kichukue kinachokifaa. Barua za mwaliko, vyeti na vipaza sauti nimevipita juu juu. Kila mtu anajua kuvishughulikia. Nafasi kubwa nimeyaachia mambo yaliyotukwamisha. Gharama nimeziandika kwa mafungu ya bajeti badala ya bei, maana bei hubadilika kila mahali.

3 Machi: Kuhesabu viti

Mwaka jana ratiba ilipangwa kwa kugawa saa za uwanja kwa idadi ya mechi. Hadi kufika saa nne asubuhi ya siku ya kwanza, ilikuwa imeshakufa. Viwanja vitupu, waamuzi wapo, wachezaji wapo. Kinachosubiriwa ni kiti ambacho mtu mwingine hajashuka. Kwa hiyo mwaka huu hatukugusa saa za uwanja mpaka tulipojua nani anakaa kwenye kiti gani.

Kwa wasioujua mchezo huu: kiti cha kila siku hakifai kwa mashindano. Ukikigeuza kwa kasi kinapinduka. Kiti cha mchezo kina magurudumu makubwa yaliyoinama, chini mapana kuliko juu, ili kigeuke mahali pamoja bila kuanguka ubavu. Nyuma kina kigurudumu cha kumzuia mtu asianguke chali. Mchezaji hufungwa mikanda kiunoni, mapajani na miguuni, mwili na kiti viende kama kitu kimoja. Ndiyo maana kiti kinachomtosha mmoja huwa mateso kwa mwingine: nyonga ikicheza ndani ya kiti, nguvu ya mikono inapotea bure.

Waliojiandikisha ni wazoefu 6, wanaoanza 8 na kwadi 4. Kwadi ni daraja la wachezaji ambao ulemavu wao umefika hadi kwenye mikono, na wanaume na wanawake huchezeana humo. Wenye viti vyao ni wazoefu wote na kwadi wawili. Klabu ina viti vitano: vinne vya kawaida, ambavyo tumevipa namba 1 hadi 4, na kimoja chenye mgongo mrefu. Kwa maneno mengine, watu 10 kwa viti vitano.

Fomu ya kujiandikisha sasa inauliza upana wa nyonga, kimo cha mgongo anaohitaji mtu, kama anahamia kiti kingine mwenyewe au kwa kusaidiwa, na kama ana mzio wa mpira wa asili. Swali hili la mwisho lisipuuzwe. Mzio huo ni wa kawaida kwa watu waliozaliwa na mgongo wazi, nao unaweza kuwa mkali sana. Tumefuta maputo kwenye ufunguzi na kubadilisha glavu zote za huduma ya kwanza.

22 Machi: Lango, mfereji, mlango wa choo

Tulipeleka kiti kipana kuliko vyote uwanjani, tukakisukuma toka kituo cha kushukia hadi kwenye mstari wa nyuma. Ndiyo njia pekee ya kukagua uwanja ninayoiamini sasa. Mwenye uwanja alikuwa ametuhakikishia kwamba panapitika, na kweli, kwa kiti cha kila siku panapitika.

Lango la uzio lilikuwa na upana wa sentimita 90. Kiti chetu, kikipimwa chini pale magurudumu yalipotanuka, kina 96. Wazo la kwanza lilikuwa kuchomoa gurudumu moja na kukipitisha kiti ubavu, mchezaji akiwa amekalishwa pembeni. Tulijaribu na mtu mmoja, tukaona ni kumbebesha mtu aibu kila anapoingia na kutoka. Wazo la pili ndilo lililobaki: kipande kimoja cha uzio kilikuwa kimefungwa kwa nati, tukakifungua chote. Mchomeleaji akatuwekea bawaba, sasa ni lango la kudumu. Hiyo ilikuwa kazi ghali kuliko zote za uwanjani, ila ni ya mara moja.

Ukingo wa kuingilia una kimo cha sentimita 15. Mteremko wa kwanza uliundwa kwa kukadiria kwa macho, ukatoka mfupi, na aliyeupanda kwa mikono yake alirudi kinyumenyume. Kipimo kinachotumika sana ni 1 kwa 12: kila sentimita moja ya kimo ipewe sentimita 12 za urefu. Kwetu ikawa sentimita 180. Ubao wa kuvuka mfereji nao ulikuwa unateleza. Tuliufunga kwa boliti na kuupaka rangi iliyochanganywa na mchanga.

Choo kilikuwa na nafasi ya kutosha ndani, lakini mlango ulifunguka kwa ndani, hivyo mtu akishaingia na kiti hawezi kuufunga. Fundi seremala aliugeuza ufunguke kwa nje, kazi ya asubuhi moja. Nitarudi kwenye choo hiki nikifika kwenye suala la joto.

Kuhusu nafasi ya kuchezea: uwanja ni ule ule wa tenisi, mita 23.77 kwa 8.23 kwa mechi za mmoja mmoja, na wavu ni ule ule. Kinachobadilika ni matumizi ya nyuma. Mpira unaruhusiwa kudunda mara mbili, na mdundo wa pili unaweza kuangukia nje ya mistari, kwa hiyo mchezaji hurudi nyuma sana kuufuata. Uwanja wetu wa tatu, wenye nafasi finyu kati ya mstari wa nyuma na ukuta, tumeufanya wa mazoezi tu.

14 Aprili: Fedha

Wafadhili wawili waliuliza swali lile lile kwa lugha ya adabu: je, huu ni mchezo au ni hisani? Tuliacha kuandika barua za kuomba huruma. Barua mpya ilikuwa na aya moja ya historia: mchezo ulianzishwa mwaka 1976 nchini Marekani na Brad Parks, aliyeumia akiteleza kwenye theluji, ukaonyeshwa kwenye Michezo ya Walemavu ya Seoul mwaka 1988, ukawa wa medali kamili Barcelona mwaka 1992, na daraja la kwadi likaingia Athens mwaka 2004. Kisha ikafuata orodha ya mahitaji yenye kiasi. Mmoja alichangia usafiri, mwingine mipira. Yule aliyetaka picha ya kukabidhi viti vya kila siku uwanjani tulimshukuru tukaachana naye.

Mafungu yalivyopangwa: usafiri robo ya bajeti, matengenezo ya viti na vipuri robo, uwanja na marekebisho robo, na robo ya mwisho ni mipira, huduma ya kwanza, maji, barafu na vikombe. Nimeiacha hivi ilivyo ili ilinganishwe na matumizi halisi mwishoni.

9 Mei: Droo na hesabu ya dakika

Mtoano wa moja kwa moja tuliukataa. Mtu hawezi kusafiri, kusaidiwa kuhama kiti, kufungwa mikanda, halafu akafungwa mechi moja na kurudi nyumbani. Wanaoanza wana makundi mawili ya watu wanne, kisha nusu fainali na fainali: mechi 15. Wazoefu wana makundi mawili ya watu watatu, na vinara wanakutana fainali: mechi 7. Kwadi wote wanne wanachezeana, anayeongoza jedwali ndiye bingwa: mechi 6. Jumla 28.

Wanaoanza wanacheza seti moja fupi ya gemu nne, na ikifika 40 kwa 40 inachezwa pointi moja ya kuamua. Tuliikadiria kwa dakika 30. Kwadi muundo ni huo huo, dakika 40. Wazoefu seti mbili fupi na taibreki, yaani gemu ya kuamua, ya pointi 10 wakifungana, dakika 60.

Sasa viti. Kila kiti kati ya vile vinne kina watu wawili wanaokitumia. Tukawatenganisha: mmoja kundi la kwanza, mwenzake kundi la pili. Hivyo ndani ya kundi lolote hakuna wanaogombea kiti, na raundi nzima ya kundi inatumia viti vyote vinne, kila kimoja mara moja. Kiti namba 1 na 2 vikiwa uwanjani, 3 na 4 vinafungwa mikanda pembeni kwa mechi inayofuata. Tatizo linabaki pale raundi moja inapoisha na jozi kubadilika, maana kiti kinachotoka uwanjani kinaweza kuhitajika palepale. Tulizipanga raundi ili mabadiliko hayo yaangukie mapumziko ya mchana au usiku.

Uwanja A umepewa mechi 18, zote za wanaoanza na 3 za kwadi. Uwanja B una mechi 10. Tunacheza saa moja hadi saa tano asubuhi, na saa tisa alasiri hadi saa kumi na mbili jioni, yaani dakika 840 kwa kila uwanja kwa siku mbili. Uwanja A unahitaji dakika 570 za mchezo. Tukiongeza dakika 10 za kubadilishana kwa kila mechi, jumla ni 750. Zilizobaki ni za balaa.

1 Juni: Siku ya majaribio

Tulicheza raundi moja ya wanaoanza kama vile ni siku yenyewe. Dakika 10 za kubadilishana hazikutosha hata kidogo. Mechi ya kwanza kwenda ya pili ilichukua zaidi ya robo saa, na haikuwa kwa uvivu wa mtu.

Tulisimama pembeni na saa tukaangalia muda unakwenda wapi. Sehemu ndogo ndiyo ya kuhama kutoka kiti hadi kiti. Kubwa ilikuwa ya mikanda na sahani ya kuwekea miguu. Kila mchezaji alipokaa, msaidizi alianza kukisia: tundu la ngapi, mkanda wa mapaja upite juu au chini, sahani ipande kiasi gani. Mchezaji anasema bana, anabanwa, anazungusha kiti, anasema legeza.

Tiba imekuwa rahisi mno kuliko tulivyodhani. Kila mchezaji sasa ana rangi yake, na utepe wa rangi hiyo umebandikwa kwenye tundu lake la kila mkanda na kwenye kipimo chake cha sahani. Msaidizi hakisii tena, anafuata rangi. Vipimo vinachukuliwa mara moja kwenye mazoezi na kuandikwa kwenye kadi inayoning'inia nyuma ya kiti. Pia tumeleta benchi lenye kimo sawa na kiti, na wasaidizi wa kuhamisha ni wawili wale wale kwa siku zote, waliofunzwa na mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Kuinua mtu kwa kumshika kwapani tumepiga marufuku. Bega ndiyo mguu wa mchezaji huyu.

Foronya na mito ya kukalia haihami na kiti, inahama na mtu. Asiyehisi makalio yake anaweza kupata kidonda akikalia mto usio wake, bila kujua mpaka jioni.

Jambo lingine lililoshindikana ni mipira. Tuliwapa wanaoanza mipira ya rangi ya chungwa, ambayo kasi yake ni pungufu kwa nusu. Kwenye uwanja mzima ilikuwa inafia chini: baada ya mdundo wa pili mchezaji alilazimika kuinama hadi kwenye gurudumu kuuokota mpira kwa raketi. Mipira ya kijani, iliyopungua kasi kwa robo tu, ndiyo iliyofaa.

28 Juni: Waamuzi na waokota mipira

Waamuzi wetu ni wazuri, lakini ni wa tenisi ya kusimama, na masikio yao yamezoea mdundo mmoja. Kwenye mazoezi, mpira ulidunda ndani, ukadunda mara ya pili nyuma ya mstari, na mwamuzi akapaza sauti "Nje!" mchezaji akiwa katikati ya kupiga. Pointi ikafutwa, ugomvi ukaanza. Tuliwakalisha jioni nzima wakihesabu kwa sauti, "moja, mbili", kila mpira, mpaka ikawaingia. Mdundo wa kwanza ndio unaoamua ndani au nje. Wa pili uanguke popote. Wa tatu ndio unaoua pointi.

Mengine waliyosisitiziwa: anayeanzisha mpira asimame kwanza, kisha anaruhusiwa msukumo mmoja wa gurudumu kabla ya kupiga. Kiti ni sehemu ya mwili, mpira ukikigusa pointi imekwenda. Mguu hauruhusiwi kuwa breki. Na mtu asinyanyue makalio yote mawili kwenye kiti wakati wa kupiga. Hili la makalio waamuzi wanaona haya kulitaja mbele ya watu; tumekubaliana waseme "kiti" na kunyoosha kidole.

Waokota mipira walikuwa wanajipanga katikati ya ukuta wa nyuma, mahali palepale ambapo mchezaji anarudi kwa kasi huku akitazama juu. Sasa wanakaa kwenye pembe mbili, na wameambiwa wasikimbie kumsogezea mtu kiti. Akitaka msaada ataomba. Mipira hupewa mchezaji mkononi au kwenye raketi, haiviringishwi chini ya magurudumu.

19 Julai: Fundi

Fundi wetu ni wa baiskeli. Hakuwahi kugusa kiti cha mchezo, lakini ndani ya muda mfupi aligundua kwamba karibu kila kitu anakifahamu: tyubu, tairi, spoku, beringi. Asichokuwa nacho ni vigurudumu vidogo vya mbele na vya nyuma, na hivyo ndivyo vinavyokufa zaidi. Nywele na nyuzi za nguo hujisokota kwenye ekseli mpaka kigurudumu kinagoma kugeuka, na mchezaji anadhani amechoka.

Tulinunua vipuri vya vigurudumu kabla ya kitu kingine chochote, kisha tyubu, spoku za urefu wa kila gurudumu, pampu yenye kipimo, ufunguo wa pembe sita wa kila saizi, na mikanda ya akiba. Matairi yanajazwa upepo mpaka yawe magumu. Usiku kabla ya mashindano fundi atapita kiti kimoja kimoja, vya klabu na vya watu binafsi. Kiti kikiharibika katikati ya mechi, mchezaji anapewa hadi dakika 20 kwa mechi nzima. Zikiisha, anahamia kiti kingine au anaacha.

2 Agosti: Joto, na tena choo

Mtu aliyeumia uti wa mgongo sehemu ya shingo mara nyingi hatoi jasho chini ya jeraha. Mwili wake hauna njia ya kutosha ya kujipoza, na anaweza kuzidiwa na joto wakati wengine wanaona hali ni ya kawaida. Kwa hiyo mechi zote za kwadi ni saa moja asubuhi au baada ya saa kumi na moja jioni, hakuna mjadala. Pembeni kuna turubai, ndoo ya barafu, taulo zilizolowa na chupa za kunyunyizia maji usoni na shingoni. Viti havikai juani: bomba la chuma lililochomwa na jua linaunguza ngozi isiyohisi.

Hapa ndipo choo kinaporudi. Mchezaji mmoja alituambia waziwazi kwamba mwaka jana hakunywa maji siku nzima kwa sababu mlango haukufungika. Alikuwa kwadi. Tulikuwa tumeweka maji kila kona na kushangaa kwa nini hayanyweki.

Wahudumu wa huduma ya kwanza wamefundishwa pia hatari nyingine inayowapata walioumia kuanzia sehemu ya juu ya mgongo: shinikizo la damu kupanda ghafla kwa sababu mwili unalalamikia kitu ambacho mtu hakihisi. Dalili ni kichwa kuuma vibaya, uso kuwa mwekundu, jasho juu ya jeraha. Chanzo huwa kibofu kilichojaa, mrija wa kutolea mkojo uliojikunja, au mkanda uliobana. Mtu asilazwe. Akae wima, mikanda ilegezwe, chanzo kitafutwe mara moja, na gari la wagonjwa liitwe ikiwa hali haitulii.

23 Agosti: Siku ya kwanza

Mechi za kwadi zilianza kwa wakati. Kufunga raketi mkononi kulikuwa kumetengewa dakika tano na ilihitajika karibu mara mbili ya hizo. Msaidizi huanza na kitambaa laini kuzunguka kiganja, kisha utepe unapita kwenye mpini, unavuka nyuma ya mkono, unarudi chini ya kidole gumba, tena na tena, ncha za vidole zikiachwa wazi. Akimaliza anabonyeza ukucha na kutazama kama damu inarudi. Akiharakisha, raketi inazunguka kwenye gemu ya pili na kila kitu kinaanza upya. Kesho wachezaji wanakuja mapema zaidi.

Gari moja la usafiri lilichelewa kwa sababu ngazi yake ya kupandishia viti iligoma, na ndani yake walikuwamo watu watatu wa kundi la kwanza la wanaoanza. Hapo ndipo mpango wa viti ulipotuokoa. Kwa kuwa makundi yote mawili yanatumia viti vile vile kwa mpangilio ule ule, tulitanguliza raundi nzima ya kundi la pili bila kubadilisha chochote kingine. Walipofika walikuta viti vinawasubiri na tepe zao za rangi zikiwa mahali pake.

Kubadilishana kulituchukua kati ya dakika nane na kumi na mbili. Uwanja A ulimaliza jioni ukiwa na dakika za ziada. Uwanja B ulibaki wazi muda mrefu, na wazoefu wakalalamika kwamba mechi mbili za kundi ni chache. Tukaujaza kwa mechi za wawili wawili, mmoja amekaa na mwenzake amesimama: aliyekaa ana midundo miwili, aliyesimama mmoja. Watazamaji waliipenda hiyo kuliko mechi zote, na wale waliosimama walichoka kwanza.

24 Agosti: Siku ya pili

Kwadi wawili wanaotumia kiti chenye mgongo mrefu walipangiwa kukutana leo saa moja asubuhi. Jana jioni fundi alikiongezea kiti namba 4 ubao wa mgongo uliofunikwa sponji na mkanda wa kifuani. Kilifaa, ingawa aliyekitumia alisema kilikuwa kizito kugeuza. Mechi za wanaoanza zilizofuata zilianza na viti 2 na 3 ili fundi apate muda wa kukirudisha kiti 4 katika hali yake.

Alasiri likatokea lile ambalo kanuni zetu hazikuwa na jibu. Fainali ya wanaoanza iliwakutanisha mama mmoja na kijana wa shule, na wote wawili ni wa kiti namba 2.

"Mama, kaa hicho, mimi nitachukua kile cha tatu," kijana alisema.

"Hapana, mwanangu. Tukihama, tuhame wote."

Wakahama wote, mmoja kiti 1 na mwingine 3, fundi akajaza sponji pembeni na kupima mikanda upya. Fainali ilichelewa kwa karibu nusu saa, tukaihamishia uwanja B ili kwadi waanze kwa wakati uwanja A. Gemu mbili za kwanza hazikuwa na mchezo wa maana, kila mmoja akipiga mipira ya kuanzia wavuni, kisha wakazoea. Taibreki. Mama alishinda.

Raundi ya mwisho ya kwadi ndiyo iliyofunga mashindano, na naomba ibaki hivyo. Mwaka jana walicheza asubuhi mapema kukiwa hakuna mtu.

13 Septemba: Hesabu na marekebisho ya mwakani

Usafiri ulikula karibu thuluthi ya fedha zote badala ya robo, kwa sababu magari yenye ngazi ya viti ni machache na hulipwa hata yakiwa yamesimama. Marekebisho ya uwanja yalikaa ndani ya fungu lake, na mwakani hayatakuwapo. Vipuri vilitumika pungufu ya tulivyotenga: vigurudumu vya mbele viwili, tyubu kadhaa, spoku chache. Vikombe tulivipunguza kuwa vidogo na hakuna aliyelalamika.

Fedha iliyookolewa uwanjani mwakani inakwenda yote kwenye kiti cha sita, chenye upana wa kurekebishika, kitakachobaki bila kupangiwa mtu. Kikiwapo, wenye kiti kimoja wakikutana kwenye nusu fainali au fainali, kanuni itakuwa hii: kama mmoja wao atatoshwa na kiti cha akiba, wapige kura ya sarafu nani ahame, na anayehama apewe robo saa ya kuzoea. Kama hakuna anayetoshwa, wanahama wote. Wasaidizi wa kufunga raketi watakuwa wawili badala ya mmoja. Wazoefu wakifika wanane tutawaongezea nusu fainali, kwa kuwa uwanja B una nafasi.

Lango jipya limeanza kulegea kwenye bawaba ya chini. Mchomeleaji anakuja wiki ijayo kuweka bawaba ya tatu.